GPS haiongei na Arduino: jinsi ya kutafuta tatizo la siriali, kuanzia mezani mpaka kwenye boti

Kuna vijana hapa Lamu wanajaribu kutengeneza kifaa cha kuonyesha boti iko wapi, yaani moduli ndogo ya GPS, bodi ya Arduino na moduli ya laini ya simu ya kutuma meseji nyumbani, na ni jambo zuri sana manake mtu akizimikiwa na mashine nje ya Kiwayu wakati wa kusi, kujua alipo ndio nusu ya kumuokoa. Lakini wengi wanakwama pahali pamoja. Waya zimeungwa, programu imepanda, taa zinawaka, na kwenye skrini hakuna kitu ama kuna matakataka tu. Hapo mtu anaanza kubadilisha programu, anachukua nyingine mtandaoni, anabadilisha laibrari, anaagiza moduli nyingine Mombasa, na kumbe ni waya mmoja tu.

Mimi nawaambia hivi, usiguse programu mpaka waya umekuthibitishia kwamba data inapita. Siriali, yaani kutuma data biti moja baada ya nyingine kwenye waya, ina njia moja tu kutoka kompyuta mpaka kwenye moduli na kila kipande cha hio njia unaweza kukipima peke yake. Fundi wa Matondoni akiletewa mashua inayovuja hang'oi mbao zote, anatafuta kwanza maji yaingia wapi, na hapa ni vivo hivo.

Nitatumia Arduino Uno na GPS ya NEO-6M manake ndizo zinapatikana kwa urahisi, ila hatua ni hizi hizi hata kama kifaa chako ni kingine.

Kinachopita kwenye waya

Elewa hiki kidogo kwanza, kitakusaidia mbele. Waya wa siriali ukiwa umetulia hauko sifuri, uko juu, volti 5 kwa Uno na 3.3 kwa GPS. Herufi ikitumwa waya unashuka chini mara moja, hio ni biti ya kuanza, halafu zinafuata biti 8 za herufi yenyewe, halafu biti 1 ya kumaliza inayourudisha waya juu. Jumla 10 kwa kila herufi. Kwa spidi ya 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, kila biti inachukua kama maikrosekunde 104, na kwa sekunde nzima zinapita herufi 960 basi. Hakuna waya wa tatu unaobeba saa ya kuwapangia mwendo, kila upande unahesabu wakati wake mwenyewe, ndio maana spidi zikitofautiana hawaelewani kabisa.

Hatua ya 1: kompyuta inaiona bodi?

Hii ni ya haraka. Chomeka bodi, angalia kwenye Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kuandikia Arduino) kama poti mpya imetokea. Kama haikutokea badilisha kebo kwanza, manake kebo nyingi za USB za madukani ni za kuchaji tu, ndani zina waya mbili za umeme na hazina waya za data. Bodi za bei rahisi zina chipu ya CH340 na Windows inaweza kukudai draiva yake. Kwenye Linux poti inaweza kuonekana na bado ukakataliwa kuitumia, hapo jiongeze kwenye kundi la dialout, toka kwenye akaunti na uingie tena.

Na kama programu inakataa kupanda na unapata ujumbe wa "not in sync", angalia pini 0 na 1. Uno ina siriali moja tu ya kweli na hio hio ndio inayotumiwa na USB, kwa hivyo ukiweka GPS hapo mbili zinagombania njia moja. Chomoa, pandisha programu, ndio urudishe, ama bora zaidi usizitumie kabisa hizo pini kwa kifaa.

Hatua ya 2: daraja la kujirudishia

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote na wengi hawakijui. Chomoa kila kitu kwenye Uno. Chukua waya uunge pini ya RESET na GND (sifuri ya umeme wa bodi), hapo chipu kubwa ya bodi imelazwa usingizi na pini 0 na 1 zinabaki zimeungana moja kwa moja na chipu ya USB. Sasa unga pini 0 na pini 1 zenyewe kwa zenyewe kwa waya mmoja mfupi. Fungua Serial Monitor (dirisha la Arduino IDE la kutuma na kusoma siriali), andika neno lolote, tuma. Likirudi kwenye skrini basi kompyuta, kebo, draiva na chipu ya USB vyote ni vizima na huna haja ya kuvifikiria tena leo. Lisiporudi, tatizo liko upande huu na GPS yako haina kosa lolote.

Halafu, na hapa ndipo utamu ulipo, toa huo waya mfupi na badala yake chomeka zile waya ndefu zako za kweli kwenye pini 0 na 1, na uziunganishe zenyewe kwa zenyewe kule mwisho, pale zinapoingia kwenye moduli. Tuma neno tena. Ukipata jibu waya zako zimepita mtihani mpaka mwisho. Usipopata, waya mmoja umekatika ndani ama kichwa chake hakishiki, na hapo umeokoa siku nzima ya kuchezea programu. Zitikise tikise huku unatuma, kama neno linakuja na kukatika basi umempata mwizi.

Hatua ya 3: muungano wenyewe

TX (pini inayosema) ya kifaa inaenda RX (pini inayosikiliza) ya bodi, na RX ya kifaa inaenda TX ya bodi. Anayesema hapa, anasikiliza kule. Ziko moduli chache ambazo aliyezichapa ameandika majina kwa kufuata upande wa pili, kwa hivyo kama kila kitu ni kimya jaribu kuzigeuza, kwa siriali ya volti sawa kuzigeuza kwa muda mfupi mara nyingi hakuunguzi kitu.

GND lazima iungwe. Nasisitiza manake mtu anawasha GPS kwa betri yake na Arduino kwa laptopu halafu anaunga waya mbili tu za data, na bila GND ya pamoja hakuna upande unaojua volti za mwenzake zinahesabiwa kutoka wapi. Wakati mwingine itafanya kazi kidogo, halafu ikikaa inaleta matakataka, na hio ndio mbaya zaidi kwa sababu inakupotezea muda.

Volti sasa. TX ya NEO-6M inatoa 3.3, na Uno inahesabu chochote kuanzia volti 3 kuwa ni juu, kwa hivyo upande huo unapita ingawa nafasi ni nyembamba. Upande wa pili ndio wa kuangalia, Uno inatoa 5 na GPS haikutengenezwa kupokea 5 kwenye data. Weka rezista ya kilo-om 1 kutoka TX ya Uno, halafu kutoka mwisho wake weka kilo-om 2 kwenda GND, na waya wa RX ya GPS utoke hapo katikati, zile 5 zinashuka mpaka 3.3. Huna ya kilo 2? Funga mbili za kilo 1 zifuatane. Na kama unachotaka ni kusoma GPS tu bila kuituma amri usiunge kabisa waya wa RX yake, waya ambao haupo hauharibiki.

Hatua ya 4: mita ya kawaida inatosha

Watu wanadhani lazima uwe na mashine ya maabara. Mita yoyote ya fundi umeme inakupa jibu. Iweke volti za DC, mweusi kwenye GND, mwekundu kwenye TX ya GPS ikiwa imewashwa. Ukiona karibu 3.3 na namba inayumba yumba kushuka kila sekunde, hapo data inatoka, unaiona kwa macho. Ukiona 3.3 imetulia tuli, moduli ina umeme lakini hasemi. Ukiona sifuri, angalia umeme wa moduli na GND.

Na ukiona namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -6 ama -10, simama hapo hapo na uchomoe. Hio ni RS-232 ya zamani, ambayo ikitulia inakaa chini ya sifuri na biti zake zimepinduliwa, na itaiua pini ya Arduino. Inahitaji chipu ya kati kama MAX3232. Utakutana nayo kwenye mizani, printa za risiti na vifaa vingine vya zamani.

Hatua ya 5: programu fupi kuliko zote

Sasa ndio programu, na isiwe ile ndefu ya mradi wako. Hii tu, TX ya GPS kwenye pini 4, RX yake kwenye pini 3 kupitia zile rezista:

```
#include <SoftwareSerial.h>
SoftwareSerial gps(4, 3); // 4 inasikiliza, 3 inasema

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  gps.begin(9600);
}

void loop() {
  while (gps.available()) Serial.write(gps.read());
  while (Serial.available()) gps.write(Serial.read());
}
```

Serial Monitor iweke 115200. Mbona si 9600 zote mbili? Kwa sababu upande wa kompyuta lazima umwage haraka kuliko unavyojaa upande wa GPS.

Ukiona mistari inayoanza na $GP na ndani yake ni koma tupu, kama hivi:

```
$GPGGA,,,,,,0,00,99.99,,,,,,*48
```

basi furahi, siriali yako iko sawa kabisa. Hio ni GPS inakwambia haijaona setelaiti. Wengi hapa ndipo wanaposema moduli ni mbovu na wako ndani ya nyumba ya mawe ya mji wa kale, kuta nene za matumbawe na dari ya boriti, hata ukitoka mtaani vichochoro ni vyembamba na mbingu unaona kipande tu. Panda darini ama shuka mpaka ufukweni, antena iangalie juu, subiri dakika kadhaa.

Matakataka kwenye skrini

Ukiona alama za ajabu ajabu, hapo kuna kitu kinafika, na hio ni habari njema. Karibu kila mara ni spidi. Jaribu 4800, 9600, 19200, 38400, 57600, 115200, moja moja, kwenye gps.begin, na hakikisha pia ile ya Serial Monitor inalingana na Serial.begin, manake ziko spidi mbili hapa na watu wanabadilisha moja wakidhani ni ile nyingine. NEO-6M inatoka kiwandani na 9600. Vifaa vya boti vya NMEA 0183 (mtindo wa mistari wanaozungumza vifaa vya baharini) kama GPS kubwa za usukani vinatumia 4800, na AIS (kifaa cha vyombo kutangaziana vilipo) ni 38400. Kama umejaribu zote na bado ni matakataka, rudi kwenye mita, inawezekana ishara imepinduliwa.

Anayetumia bodi ya ESP8266 asishtuke na matakataka ya mwanzo inapowaka, hio chipu inasema maneno yake ya kuamka kwa spidi ya 74880 halafu ndio programu yako inaanza.

Herufi zinapotea katikati

Hili ndilo linalowatesa hata waliobobea, kwa sababu programu fupi inafanya kazi vizuri halafu ile ndefu inaleta mistari iliyokatwa. Sababu ni bafa. Arduino Uno ina pahali pa kuhifadhi herufi 64 tu zinazosubiri kusomwa. Kwa 9600 zile 64 zinajaa kwa kama milisekunde 67. GPS inamwaga mistari yake yote kwa mfululizo kila sekunde, ni mamia ya herufi, sasa wewe ukiwa umeweka delay(1000) ama unaandika kwenye skrini ndogo polepole ama unangoja jibu la meseji, zilizozidi zinatupwa na hakuna anayekuambia.

Dawa ni kutoa kila delay, kusoma kila herufi inapofika, na kufanya kazi pale tu mstari umekamilika:

```
char mstari[90];
byte n = 0;

void loop() {
  while (gps.available()) {
    char c = gps.read();
    if (c == '$') n = 0;
    if (c == '\n') {
      mstari[n] = 0;
      if (sawa(mstari)) Serial.println(mstari);
      n = 0;
    } else if (n < 89) mstari[n++] = c;
  }
}
```

90 inatosha manake mstari wa NMEA hauruhusiwi kuzidi herufi 82. Na hio sawa() ndio mlinzi wa mlangoni. Kila mstari una nyota mwishoni na tarakimu mbili baada yake, ni hesabu ya XOR (kulinganisha biti kwa biti) ya herufi zote zilizo kati ya $ na nyota:

```
bool sawa(const char *s) {
  byte x = 0;
  if (*s++ != '$') return false;
  while (*s && *s != '*') x ^= *s++;
  if (*s != '*') return false;
  return x == strtol(s + 1, NULL, 16);
}
```

Usiwahi kutuma mahali boti ilipo bila kukagua hii. Herufi moja ikipotea boti inaweza kuonekana pengine kabisa, na watu wataenda kuitafuta huko.

SoftwareSerial nayo ina mipaka, inasikiliza kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja na spidi ikiwa kubwa inachanganyikiwa. Kwa hivyo kama una GPS na moduli ya simu pamoja, mimi nakushauri wazi wazi hamia Arduino Mega ambayo ina siriali tatu za ziada, au bodi ya ESP32. Kwa ESP32 kumbuka yote ni 3.3, pini 16 na 17 ndizo za kawaida kwa siriali ya pili ila kwenye aina ya ESP32 inayoitwa WROVER zimeshachukuliwa na memori, na pini 34 mpaka 39 zinasikiliza tu hazisemi, ukiweka TX hapo utangoja mpaka kesho.

Kusoma mahali na saa

Chukua mstari huu:

```
$GPGLL,0216.10000,S,04054.10000,E,091500.00,A,A*79
```

Herufi A baada ya saa inasema data ni halali, ingekuwa V usiitumie. Sasa 0216.10000 si digrii 2.16. Ni digrii 2 na dakika 16.1. Gawa dakika kwa 60 unapata 0.2683, jumla digrii 2.2683 kusini. Vile vile upande wa pili ni 40 na dakika 54.1, yaani 40.9017 mashariki, na hapo ni mji wa Lamu. Ukikosea ukagawa tu kwa 100, ramani itakuonyesha boti iko nchi kavu huko bara, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Siriali haina kosa hapo, ni hesabu.

Saa ni ya UTC, yaani saa ya dunia, si ya kwetu. 0915 ongeza 3 ni 12:15, kwetu saa sita na robo mchana. Ukitaka meseji iseme saa ya Kiswahili moja kwa moja toa 3 badala ya kuongeza, 9 toa 3 ni 6, ikifika sifuri ama chini yake ongeza 12, ikizidi 12 toa 12. Wazee wanaosubiri nyumbani wataisoma bila kuuliza.

Moduli ya simu

Mambo mawili tu. Amri za AT (maneno ya kuiamrisha moduli ya simu) zinataka alama ya mwisho wa mstari, kwa hivyo kwenye Serial Monitor chagua "Both NL & CR", ukiacha "No line ending" utaandika AT na hutajibiwa. La pili ni umeme. Moduli ya simu ya SIM800L inataka kati ya volti 3.4 na 4.4 na inapotafuta mtandao inavuta mpaka ampea 2 kwa mshindo, pini ya 5V ya Arduino haiwezi kabisa. Ikikosa umeme inazima na kuwaka, na wewe unaona matakataka unadhani ni spidi. Ipe njia yake ya umeme yenye nguvu, weka kapasita kubwa karibu nayo, GND ya pamoja.

Mezani sawa, kwenye boti haifanyi

Hapa adui ni watatu, chumvi, mtikisiko na mashine. Waya za jampa za kuchomeka ni za mezani, baharini hazimalizi msimu. Lehemu kila kiungo, kivalishe mpira wa kusinyaa kwa moto, tumia waya wa shaba uliopakwa bati manake shaba tupu inaingiwa na ule ukijani mpaka ndani ya plastiki na nje unaonekana mzima. Bodi iwe ndani ya boksi lililofungwa, waya ziingie kutoka chini ili maji yasiteremke nazo.

Betri ya boti ni volti 12 na mashine ikiwaka inapanda. Tumia moduli ya kushushia volti, irekebishe kwa mita KABLA hujaiunga na bodi, na weka fyuzi karibu na betri. Waya wa data upitishe mbali na waya za plagi za mashine, usokote pamoja na waya wa GND. Kama GPS iko mbele na bodi iko nyuma kwenye tezi, usivute siriali ya volti 3.3 mita zote hizo, ama usogeze bodi karibu na GPS ama utumie jozi ya chipu za RS-485 kama MAX485 (zipo za volti 3.3 pia) ambazo zinabeba data kwa waya mbili zinazopingana na kelele za mashine hazizisumbui sana.

Kujua kama ni mashine ni rahisi. Hesabu kwenye programu mistari mizuri na mistari iliyokataliwa na sawa(), ionyeshe pembeni kwenye skrini. Funga boti jetini, acha dakika tano mashine imezimwa, andika namba, washa mashine, acha dakika tano nyingine, andika tena. Mibovu ikiongezeka mashine ikiwaka tu, ni kelele ama umeme, anza na GND na fyuzi. Ikiongezeka mkipiga mawimbi hata mashine ikiwa imezimwa, kuna kiungo kinacheza, na unarudi kwenye hatua ya 2 na ule waya wa kujirudishia, boksi likiwa limefungwa pale pale lilipo.